Tuliisingizia laini

Najua nimekuwa kimya. Zamu za usiku zilifuatana wiki tatu, nikitoka kazini ni kulala tu. Leo Ijumaa. Gereji za Sanaiya zimefungwa, hakuna nyundo wala mashine za kupulizia rangi, na mimi nina chai ya maziwa mezani. Basi tukae tuzungumze.

Leo nataka kuzungumzia ile laptopu. Mnaijua. Niliinunua hapa Muscat 2014, miezi michache baada ya kufika, kwa mshahara wangu wa pili. Nikaitumia miaka mitano, halafu 2019 nilipokuja likizo nikamwachia mdogo wangu, kitindamimba wetu. Siku ile iliitwa zawadi ya dada. Baada ya mwaka ikaitwa kile kidude. Baada ya mwaka mwingine mjomba alisema mbele za watu kwamba walio nje wanageuza nyumbani kuwa jaa la takataka zao. Nilisikia, na niliumia, lakini sikujibu.

Mwaka 2024 ndipo mambo yaliponifika hapa kooni. Kitindamimba alikuwa anaomba nafasi ya kusomea uuguzi. Fomu ni ya kwenye intaneti siku hizi, mnajua wenyewe. Amefungua fomu, amefungua barua pepe ili achukue namba ya malipo, amefungua picha za vyeti vyake, na ukurasa mwingine wa maelekezo. Kila akihama kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, kompyuta inaganda. Akirudi kwenye fomu, ukurasa unajifungua upya, mtupu. Alijaza mara nne. Usiku wa siku ya mwisho mama alinipigia simu, mtoto analia chumbani. Mimi nikiwa kazini, nimechoka, nikasema, "Mwambie asubiri alfajiri, laini haina watu wengi." Nikatuma na pesa ya bando jengine kubwa zaidi. Alfajiri dirisha la maombi lilikuwa limeshafungwa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshamwambia maneno mengine ambayo leo nayaonea haya. Nilimwambia, "Wewe unaangalia mavideo, ndiyo maana linakuwa zito." Hakunijibu. Ni mtoto mwenye adabu.

Katika kazi yetu, mgonjwa akipewa dawa isiyo yake, tunakaa chini na kulipitia faili tangu siku ya kwanza, ili tujue kosa liliingilia wapi. Basi leo nalipitia faili la ile kompyuta. Na faili hilo ni refu kuliko laptopu yenyewe, kwa sababu kosa nililofanya mimi ni kosa tulilolifanya wengi kwa miaka zaidi ya ishirini: kila kompyuta ikienda taratibu, tuliisingizia laini.

Tuanze mbali kidogo. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo wakati wenzetu wanazizoea, sisi tulikuwa nje ya mlango, na soko halikufunguka sawasawa mpaka miaka ya 1990. Mlango ulipofunguka, zilizoingia kwa wingi zilikuwa kuukuu, zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya, nyingi zikipitia Dubai. Kwetu ni kama nguo za mitumba: mtu akishamaliza nayo, sisi ndiyo tunaanza nayo. Sisemi kwa dharau. Mimi nimesomeshwa kwa sketi za mitumba. Ila nguo ya mitumba haiombwi kila mwaka ivaliwe na mtu mnene zaidi. Kompyuta inaombwa.

Wa rika langu mnakumbuka intaneti kafe ya Mjini, mwaka 2004 hivi, tukitoka skuli. Shilingi 500 nusu saa. Kompyuta nane, feni moja, na mwenye duka amekaa mlangoni na daftari lake. Unafungua barua pepe, unaangalia kile kidude cha saa kinazunguka, dakika kumi zinakwenda, hujasoma hata salamu. Ukilalamika, jibu ni moja: "Laini leo mbovu." Na hakuwa mwongo. Pwani yetu yote wakati ule haikuwa na mkonga wa baharini. Intaneti ilikwenda kwa setilaiti iliyoko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe upande, ushuke, jibu nalo lipande, lishuke. Safari hiyo peke yake inamaliza nusu sekunde hata kama hakuna mtu mwengine mtandaoni, na kafe nzima ilikuwa inagawana uzi mwembamba.

Lakini palikuwa na ugonjwa wa pili, na ulijificha nyuma ya ule wa kwanza.

Nieleze kwa lugha ya wodini. Wodi ina meza ya wauguzi na ina kabati la mafaili mwisho wa korido. Faili unalolifanyia kazi liko mezani, unanyoosha mkono tu. Mengine yako kabatini. Meza ikiwa kubwa, unaweka mafaili kumi, kazi inakwenda. Meza ikiwa ndogo, ina nafasi ya mafaili matatu, basi kila ukitaka la nne ni lazima ulichukue moja ulirudishe kabatini, ndipo ulilete jengine. Ukiwa na wagonjwa kumi, zamu nzima utaimaliza koridoni. Huna uvivu, huna ujinga, meza ndiyo ndogo.

Kwenye kompyuta meza hiyo ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile mafundi wanaiita RAM. Kabati ni diski. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta inaanza kupeleka vitu kwenye diski na kuvirudisha, na diski za zamani, zile zinazozunguka, ni polepole mno ukilinganisha na kumbukumbu. Ukiona kile kitaa cha diski kinawaka mfululizo na kishale hakisogei, ujue muuguzi yuko koridoni.

Sasa Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001 na kuenea kafe zote, ilikubali kufanya kazi kwa megabaiti 64 za kumbukumbu, na wenyewe walishauri 128. Mashine nyingi za mitumba zilikuwa hapo hapo. Kwa kivinjari cha mwaka 2001 ilitosha. Kivinjari, kwa wazee wangu mnaosoma hapa, ni ile programu ya kufungulia intaneti: Internet Explorer, Firefox, Chrome na ndugu zake. Vilipoanza kupendwa na watu, Mosaic mwaka 1993 na Netscape mwaka 1994, ukurasa ulikuwa kama karatasi: maneno na picha mbili tatu. Karatasi haili nafasi.

Mambo yakabadilika 2004 na 2005. Gmail ilitoka Aprili 2004, ramani za Google zikatoka Februari 2005. Kurasa hizi hazikuwa karatasi tena, zilikuwa programu kamili zinazofanya kazi ndani ya kivinjari, zikibaki macho hata wewe ukiangalia pengine. Novemba 2004 Firefox 1.0 ilitoka na watu wakaipenda kwa sababu ya vichupo, yaani kurasa nyingi katika dirisha moja. Tukajifunza kufungua kurasa sita kwa mpigo. Kila kichupo ni faili jengine mezani.

Novemba 2005 Firefox 1.5 ikaja na hila nzuri: ukibonyeza kurudi nyuma, ukurasa wa nyuma unatokea papo hapo, kwa sababu ulikuwa umehifadhiwa mzima kwenye kumbukumbu. Na waliotengeneza walijua si wote wana meza kubwa. Kompyuta yenye megabaiti 128 ilihifadhi kurasa 2, yenye 256 ilihifadhi 3, yenye 512 ilihifadhi 5, na yenye giga moja au zaidi ilihifadhi 8. Nimelipenda jambo hili nilipolisoma. Mtu alikaa akafikiria mashine ndogo. Hata hivyo watu walilalamika kwamba Firefox inakula kumbukumbu, na Internet Explorer 6 nayo ilikuwa na maradhi yake mabaya zaidi: kurasa fulani zilichukua kumbukumbu na hazikuirudisha hata ukishaondoka, kama mgeni anayehama na funguo za chumba. Ndiyo maana yule mwenye kafe dawa yake ilikuwa "zima, washa." Tulimcheka, kumbe alikuwa anasafisha meza.

Basi wakati ule wagonjwa wawili walikuwa ndani ya mwili mmoja. Laini mbovu na kumbukumbu ndogo. Dalili zao zinafanana: unabonyeza, unangoja. Tukatibu moja tukalisahau jengine.

Nililiona hilo kwa macho yangu 2009 bila kulifahamu. Nilikuwa Dar, mwaka wa kwanza wa shahada. Tarehe 23 Julai mwaka ule mkonga wa SEACOM ulianza kazi, kama kilomita 17,000 za waya chini ya bahari, ukigusa Dar es Salaam, Mombasa na Maputo na kwenda mpaka India na upande wa Ulaya. Mwaka huo huo Mombasa ikapata mkonga wa TEAMS unaokwenda Fujairah, Falme za Kiarabu, njia ile ile waliyopita mababu kwa majahazi na kaskazi. Mwaka uliofuata ukaja EASSy. Wanafunzi tulikuwa kama watoto wanaongojea Idi. Tuliambiwa intaneti itakuwa kama maji ya bomba.

Laini ikaja kweli. Simu ziliona nafuu, ofisi ziliona nafuu. Lakini katika chumba cha kompyuta tulichokuwa tukitumia, mashine zile kuukuu zilizidi kuganda. Ukurasa ulikuwa unafika haraka, unaona maneno ya juu, halafu kila kitu kinasimama. Tukasema mkonga ni uongo wa wanasiasa. Fundi akasema ni virusi, akaweka programu ya kuzuia virusi, na programu hiyo nayo ikakaa mezani siku nzima ikila nafasi. Sasa naelewa. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa umetibiwa, na wa pili ukabaki peke yake uwanjani, mtupu, na bado hatukumtambua.

Ni kama wagonjwa wawili wanaohema. Mmoja mapafu yana maji, mwengine damu imepungua. Ukimwekea oksijeni wa pili utampa ahueni kidogo, lakini anachohitaji ni damu. Mabando yote niliyotuma nyumbani yalikuwa oksijeni.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: laini nzuri yenyewe ilizidisha ugonjwa wa pili. Dunia nzima laini zilipokuwa nzuri, watengenezaji wa kurasa hawakuwa na sababu ya kubana. Kuna mradi unaopima uzito wa kurasa tangu 2010, unaitwa HTTP Archive. Mwishoni mwa 2010 ukurasa wa wastani, ule wa katikati ukiupanga mstari, ulikuwa chini ya kilobaiti 500. Oktoba 2024, kwa kompyuta, ulipita kilobaiti 2,600. Zaidi ya mara tano. Na huo ni uzito wa njiani tu. Ukishafika na kufunguliwa, picha zikatandazwa na programu zake zikaanza kufanya kazi, ndani ya kumbukumbu unachukua nafasi kubwa zaidi.

Vivinjari navyo vikabadilisha namna ya kufanya kazi. Septemba 2008 Google walitoa Chrome, na ndani yake kichupo hupewa chumba chake peke yake. Kikianguka kimoja, vingine havianguki nacho. Ni busara, na sisi wauguzi tunaielewa: ni kuwatenga wagonjwa ili maambukizi yasienee. Lakini kila chumba cha kutengea kina kitanda chake, sinki lake na glavu zake. Hospitali ndogo haiwezi. Januari 2018 ilipotangazwa kasoro ya Spectre ndani ya vichipu vya kompyuta, ambayo ingeweza kuuruhusu ukurasa mmoja kuchungulia siri za mwengine, Chrome iliongeza utengaji: tovuti tofauti zisikae chumba kimoja. Google wenyewe walisema gharama yake ni asilimia 10 hadi 13 ya kumbukumbu zaidi. Firefox ilikwisha kuanza kutenganisha vyumba 2016. Kwa hiyo naomba nisiwaseme vibaya wote. Sehemu ya uzito ni mapambo na matangazo, na sehemu ni usalama wetu. Mwenye meza kubwa hata hakuliona badiliko. Mwenye meza ndogo alilipa yeye.

Na kwamba inawezekana kupunguza, inawezekana. Juni 2008 Firefox 3 ilitoka ikiwa imepunguzwa ulaji wake, na watu zaidi ya milioni 8 waliipakua katika saa 24, ikaandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Mwaka 2011 Mozilla walianzisha kazi maalumu, wakaiita MemShrink, ya kuwinda kila mahali kumbukumbu inapovuja. Upande wa simu, Opera Mini iliyoenea duniani kuanzia 2006 ilifanya hila nyingine: ukurasa ulifunguliwa kwanza kwenye kompyuta zao kubwa, ukakamuliwa, ukaletwa mwepesi kwenye simu yako. Nani kati yetu hakuitumia Opera Mini kwenye simu ya vibonyezo? Simu ile haikuwa na kumbukumbu ya maana, lakini tulisoma habari, tukachat, tukapendana na kuachana humo humo. Mzigo ulikuwa umebebwa na mwengine.

Kwa mashine kuukuu mlango ukaendelea kubanwa. Aprili 2014 Microsoft waliacha kuihudumia Windows XP. Aprili 2016 Chrome ikaiacha, na 2018 Firefox ikaiacha. Mwanzoni mwa 2023 Chrome ikaacha Windows 7. Ukibaki na kivinjari cha zamani, kinakwenda vizuri lakini milango ya wezi iko wazi, na kurasa mpya zinakukataa. Ukiweka kipya, ni salama lakini hakitoshi mezani. Ndiyo hali ya mwenye cha mtumba: huku moto, huku maji ya moto.

Na sasa nifike kwangu, maana faili lina ukurasa wenye saini yangu.

Laptopu ile nilipoinunua ilikuwa na giga 2 za kumbukumbu, na ilikwenda vizuri. Mwaka 2015 Windows 10 ilitoka, ikatolewa bure kwa muda kwa waliokuwa na Windows ya kabla yake. Ukatokea ujumbe kwenye kioo, nikabonyeza kukubali, nikaenda kupika. Giga 2 ndicho kiwango cha chini kabisa walichokitaja wenyewe kwa Windows 10 ya aina ile. Kiwango cha chini maana yake itawaka. Haina maana kwamba itawaka halafu ifungue fomu ya chuo, barua pepe na picha za vyeti kwa pamoja. Nilimpa mtoto meza ambayo tayari ilikuwa imejaa kabla hajaweka faili lake la kwanza. Halafu nikamlaumu kwa kuweka mafaili.

Niliijua hii vipi? Mwisho wa 2024 nilikuja likizo, nikaibeba laptopu mpaka huku. Kuna fundi ana kijiduka nyuma ya gereji za Sanaiya, mtu wa Kerala, Kiarabu chake na changu vinalingana kwa ubovu. Mzee mmoja Mwomani aliyekuja kutengeneza simu, mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake cha Mjini kabisa, akatusaidia kutafsiri. Nikamwambia fundi, nyumbani kwetu laini mbovu. Fundi hakunijibu. Akafungua kurasa tano, kisha akazima Wi-Fi kabisa. Akaanza kuhama kutoka ukurasa hadi ukurasa. Ikaganda vile vile. Akanitazama. Yule mzee akacheka, akasema, "Mwanangu, anasema hapa hakuna laini ya kuisingizia."

Jipimie mwenyewe kama umewahi kusimama mbele ya daktari ukiwa na jibu lako tayari, naye akalifuta kwa kitendo kimoja.

Alifungua tumbo la laptopu, akatoa kijiti cha giga 2, akaweka viwili vya giga 4, vilivyotumika. Mitumba juu ya mitumba. Riali nilizolipa zilikuwa chache kuliko pesa za bando nilizokuwa nikituma kwa miezi miwili. Laptopu ilirudi Unguja na mtu aliyekuwa anasafiri, imefungwa ndani ya kanga, katikati ya tende na halua.

Haikuwa mpya, msije mkadhani ni muujiza. Kuwaka bado inachukua muda wa kuchemsha chai. Lakini 2025 kitindamimba alifungua fomu yake, barua pepe yake, na vyeti vyake, akahama huku na huku, akajaza, akatuma. Mara moja tu. Kapata nafasi. Saa hizi yuko mwaka wa kwanza anajifunza kupima presha, na ananipigia simu kunisahihisha. Wenzake aliomaliza nao skuli wako mbele yake mwaka mmoja. Mwaka huo haurudi, na si yeye aliyeupoteza.

Kwa hiyo mdogo wangu, hapa mbele ya ukoo mzima: haukuwa uvivu wako, na hayakuwa mavideo. Nisamehe.

Na mjomba, shikamoo. Kuhusu jaa ulisema kweli nusu. Mwaka 2009 Uganda walitangaza kwenye bajeti yao kuzuia kompyuta na friji kuukuu kuingia nchini, wakihofia hilo hilo ulilolisema. Nawaelewa. Lakini nakumbuka na marufuku yetu ya 1974, na sijui kama kufunga mlango kulitusaidia. Ninachokiona mimi ni kwamba sisi tunaoleta vitu tunaangalia nje, kioo hakijapasuka, rangi haijachubuka, basi. Hatuulizi vina kumbukumbu kiasi gani. Ni kama kumpima mgonjwa kwa kuangalia kanzu yake.

Kwa wote, kabla hamjanunua bando jengine au kuitupa mashine, fanyeni kama yule fundi. Fungua kurasa mbili tatu, uzime intaneti, uhame kati yake. Ikiganda na intaneti imezimwa, ugonjwa uko ndani. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona kumbukumbu imejaa kwa asilimia ngapi. Ikiwa imepanda karibu na 90 na hujafanya kitu cha maana, ndiyo hiyo. Funga vichupo usivyovitumia, funga kivinjari chote ukifungue upya kabla ya kazi muhimu, na fomu yoyote ndefu andika majibu yako pembeni kwanza. Halafu ulizia bei ya kijiti cha kumbukumbu. Fundi wa Darajani atakwambia kama mashine yako inakubali.

Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, kwa hiyo laptopu yetu ina mtihani mwengine mbele yake. Nafikiria kuiwekea Linux nyepesi nikija mwezi wa Ramadhani. Safari hii nitamwuliza mwenyewe anataka kufungua nini kwa pamoja kabla sijabonyeza kukubali chochote.

Adhuhuri inaadhiniwa, na sufuria ya wali inaniita. Nisalimieni watoto. Tuonane tena panapo majaaliwa.